Umekamatwa kwa DWI Texas: namna ya kumpata wakili na kufanya naye kazi

Ukikamatwa Texas kwa kuendesha gari ukiwa umelewa (ndiyo DWI), utatoka jela na karatasi nyingi mkononi. Tafuta yenye herufi DIC-25. Watu huikunja wakaitia mfukoni wakidhani ni risiti ya leseni aliyoichukua askari, kwa kuwa kweli karatasi hiyo inakuruhusu kuendelea kuendesha kwa siku 40. Lakini hiyohiyo inakuarifu kwamba DPS, idara ya usalama wa umma ya Texas inayotoa leseni, inakwenda kukufungia leseni, na kwamba una siku 15 tangu ulipokabidhiwa kuomba usikilizwe. Zikipita kimya, leseni inafungwa yenyewe: siku 90 kwa aliyepimwa akakutwa na kiwango cha pombe cha 0.08 au zaidi, siku 180 kwa aliyekataa kupimwa, hata kama hajawahi kuwa na kosa lolote. Ukitolewa damu, taarifa inaweza kuja baadaye kwa posta majibu ya maabara yakishatoka, kwa hiyo hakikisha anwani yako kule DPS ndiyo unayoishi sasa. Nimeona barua ya namna hiyo ikikaa wiki kadhaa kwa shemeji kwenye nyumba ya zamani.

Mimi si wakili. Ni msaidizi katika ofisi ya mawakili wa kesi za jinai hapa Fort Worth. Napanga mafaili, natazama video za polisi pamoja na mteja, nakalimani wanapokuja ndugu zetu wa Kongo, Burundi, Kenya na kwetu Tanzania. Ninachotaka ujue ni namna ya kumchagua mtu wa kukusimamia na namna ya kumsaidia akusaidie. Ushauri wa kesi yako utaupata kwake.

Na niseme wazi mapema: kuendesha umelewa kunaua, na anayepanga kwenda sherehe apange na wa kumrudisha. Lakini aliyekamatwa hajahukumiwa. Serikali ndiyo yenye kazi ya kuthibitisha, na anayekaa bila wakili anaifanyia serikali kazi hiyo bure.

Swali la kwanza la kumuuliza wakili

Muulize: "Utaomba kikao cha leseni lini, na utamwita askari?" Jibu lake litakuonyesha mengi.

Kikao hicho husikilizwa na jaji wa utawala, mbali kabisa na mahakama ya jinai. Ombi likifika kwa wakati, leseni haifungwi mpaka kikao kimalizike. Faida yake haiishii kwenye leseni. Wakili anaweza kumwita askari aliyekukamata aulizwe chini ya kiapo, kesi yenyewe ikiwa bado mbali: ulisimamishwa kwa sababu gani, ulikuwa unayumba vipi, alikuangalia kwa muda gani kabla ya kukupulizisha kwenye mashine ya kupima pombe. Majibu yote yanarekodiwa. Akija kubadilisha maneno mbele ya juri, yale ya kwanza yapo. Wakili anayekuambia kikao hicho hakina maana, mshukuru, kisha piga simu kwa mwingine.

Kama huna uwezo wa kulipa, omba mahakama ikuteulie wakili. Haki hiyo kwa kesi nzito ilithibitishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1963 katika kesi ya Gideon, na baadaye ikapanuliwa kwa makosa madogo yanayompeleka mtu kifungoni. Usimdharau wakili wa kuteuliwa. Wapo wanaopigania hizi kesi kwa moyo wote. Ila uteuzi huo hauhusu kikao cha leseni, kwa sababu kile si cha jinai. Ombi lake litume mwenyewe DPS ndani ya zile siku 15, na utunze uthibitisho kwamba limepokelewa.

Kumchagua

Siku chache baada ya kukamatwa, sanduku lako la barua litajaa barua za mawakili usiowajua. Orodha za waliokamatwa ziko wazi kwa umma, ndiko wanakopata majina. Barua si kosa, lakini si sifa pia. Vilevile wakili aliyemsaidia binamu yako kununua nyumba si lazima aijue DWI, wala yule anayejaza fomu za uhamiaji kwenye duka la kutuma pesa si wakili kabisa hata kama kila mtu kanisani au msikitini anamwita hivyo.

Ingia kwenye tovuti ya State Bar of Texas, andika jina lake, uone kama leseni yake iko hai na kama amewahi kuadhibiwa. Angalia kama ana cheti cha ubingwa wa sheria ya jinai kutoka Texas Board of Legal Specialization. Ubingwa wa DWI hasa hutolewa na National College for DUI Defense. Asiye navyo anaweza kuwa mzuri pia, kwa hiyo muulize: amesomea vipimo vya barabarani vya NHTSA, idara ya shirikisho ya usalama barabarani, mafunzo yaleyale wanayopewa askari? Mara ya mwisho kupeleka kesi ya DWI mbele ya juri ilikuwa lini? Ni yeye atakayesimama mahakamani, au atakutumia kijana usiyemjua? Anayekuhakikishia kwamba kesi itafutwa, huku hata video hajaiona, mwogope.

Halafu muulize swali ambalo wengi wetu hatuulizi kwa aibu: "Mimi si raia. Nani kati yenu anajua uhamiaji?" Nitalirudia chini, maana hapo ndipo watu wetu wanaumia zaidi.

Ukali wa jambo lenyewe

Kosa la kwanza la kawaida ni kifungo kisichopungua saa 72 na kisichozidi siku 180, na faini hadi dola 2,000. Kukiwa na chupa iliyofunguliwa ndani ya gari, kima cha chini kinapanda hadi siku sita. Kipimo kikifika 0.15, kifungo kinaweza kufika mwaka mmoja na faini dola 4,000. Tangu Septemba 2019 kuna faini nyingine ya jimbo juu ya hiyo kwa anayetiwa hatiani: dola 3,000 kwa kosa la kwanza, na dola 6,000 kipimo kikiwa 0.15 au zaidi. Ukiwa na mtoto chini ya miaka 15 kwenye gari, hilo tayari ni kosa la jinai kubwa, hata kama ni mara yako ya kwanza. Mama anayerudi harusini na watoto wamelala kiti cha nyuma ajue hilo.

Na 0.08 si mstari wa usalama. Sheria ya Texas inamhesabu mtu amelewa pia akipoteza matumizi ya kawaida ya akili au mwili kwa pombe, dawa ya kulevya, au hata dawa aliyoandikiwa na daktari.

Mwambie wakili saa, kwa uangalifu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona mwongozo wa Kiingereza unaoligusa.

Kosa ni kulewa wakati unaendesha. Kipimo huchukuliwa baadaye, pengine saa moja au mbili tangu usimamishwe. Ili kurudi nyuma na kukadiria ulikuwa na kiasi gani ukiwa kwenye usukani, mtaalamu wa serikali anahitaji kujua ulikunywa ya mwisho lini, ulikula nini, una uzito gani. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya jinai ya Texas, katika kesi ya Mata, ilieleza kwamba hesabu hiyo haiaminiki mtaalamu asipojua mambo ya kutosha kumhusu mtu mwenyewe na siku ile. Mwili huondoa pombe polepole, kwa kadirio kama 0.015 kwa saa, lakini kuna wenye kasi kubwa na wenye kasi ndogo. Na bia iliyonyweka dakika chache kabla ya kuondoka haijaingia yote kwenye damu; kipimo cha baadaye kinaweza kuwa juu kuliko ilivyokuwa barabarani.

Sasa mteja anaketi mbele ya wakili na kusema, "Ya mwisho nilikunywa saa mbili usiku." Mtu wa Tanga au Mombasa hapo amesema saa mbili baada ya jua kuzama. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi, aliyezoea kuhesabu saa kama shuleni kwa Kifaransa, anaweza kuwa amesema saa mbili baada ya usiku wa manane. Kati ya hao wawili kuna saa sita, na saa sita katika kesi hii ni kila kitu. Mimi husimamisha mazungumzo kila mara na kuuliza: muziki ulikuwa bado unapigwa? Keki ilikuwa imekatwa? Nioneshe simu yako, ujumbe wa mwisho uliandika saa ngapi? Risiti ya baa, picha za harusi, malipo ya simu, vyote vina saa iliyoandikwa. Kusanya hivyo na umpe wakili kabla havijapotea. Na ufanye hivyo na wakili tu. Usimtumie yeyote kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu ujumbe wa kundi si siri ya wakili na mteja.

Kwa sababu hiyohiyo, mahakamani omba mkalimani mwenye leseni anayeielewa lugha unayoisema kwenu. Kwenye kesi ya jinai humlipi wewe, mahakama ndiyo inayomgharamia. Kama Kirundi au Kinyarwanda ndicho unachofikiria nacho, sema. Usimpeleke mtoto wako wa sekondari akakukalimani makosa yako.

Video

Wakili ataomba video ya gari la polisi na ya kifuani mwa askari. Itazame naye hata kama inakuumiza. Kuna vipimo vitatu vya kawaida barabarani: kufuata kalamu kwa macho, kutembea hatua tisa kisigino kwa kidole kisha kugeuka na kurudi hatua tisa, na kusimama mguu mmoja kwa sekunde 30. Kila kimoja kina idadi ya dalili ambazo askari anazihesabu. Kwenye ule wa kutembea, dalili mbili kati ya nane zinatosha kukuhesabu umefeli.

Nimetazama video nyingi za watu wetu, na jambo linalojirudia ni kuitikia kwa kichwa. Askari anaeleza kwa Kiingereza cha haraka, mzee wa miaka hamsini anasema "yes, yes, sir" kwa heshima, huku haelewi hata nusu. Anaanza kutembea kabla ya kuambiwa aanze: dalili moja. Anasimama katikati kuuliza: ya pili. Hamwangalii askari machoni kwa sababu kwao kumkodolea macho mwenye mamlaka ni utovu wa adabu, na ripoti inaandika kwamba alikwepa macho. Wakili aliyezaliwa Dallas hawezi kujua hayo usipomweleza. Mwambie pia kama una goti bovu, mgongo, sikio linalouma, au ulikuwa umevaa viatu virefu vya sherehe. Mwongozo wa vipimo wenyewe unakubali kwamba watu wenye umri zaidi ya miaka 65, wenye matatizo ya mgongo, miguu au sikio la ndani, au wenye uzito uliozidi sana, hupata shida kuvifanya, na unataka mwenye viatu vya kisigino kirefu aruhusiwe kuvivua.

Kuhusu mashine, Texas hutumia Intoxilyzer 9000, na mwendeshaji anatakiwa kukaa na wewe angalau dakika 15 kabla ya kupuliza, kuhakikisha hujatapika wala kutia kitu mdomoni. Video ina saa. Wakili na ahesabu. Damu ina mlolongo wake: chupa yenye kifuniko cha kijivu na dawa ya kuihifadhi ndani, tarehe ya mwisho ya kutumika, nani aliichoma sindano, ilikaa wapi kabla ya kufika maabara. Usidhani mashine haikosei. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya New Jersey iliamua kwamba vipimo vya pumzi zaidi ya 20,000 haviwezi kutegemewa, kwa sababu askari mmoja aliyekuwa akizirekebisha mashine aliruka hatua ya kuhakiki joto kwa kipimajoto kinachotakiwa.

Simu za jela ni jambo dogo lakini limewaponza wengi. Zinarekodiwa. Kijana anampigia kaka yake na kumweleza kila kitu kwa Kiswahili, glasi ngapi na za nini, akiamini hakuna atakayeelewa. Mwendesha mashtaka akitaka, atatafuta mkalimani. Kwenye simu sema uko wapi, dhamana ni kiasi gani, nani awachukue watoto shule. Mengine msubiri wakili.

Kabla ya kukiri chochote

Mwendesha mashtaka mara nyingi huja na ofa. Kwa kosa la kwanza, tangu Septemba 2019, Texas inaruhusu ile inayoitwa deferred: unakiri, hakimu hakutangazi una hatia, unakaa kwenye uangalizi ukiwa na kifaa cha kupuliza kwenye gari, na ukimaliza vizuri huhesabiwi umehukumiwa kwa sheria ya jimbo. Kwa raia inaweza kuwa njia nzuri sana. Kwa wewe uliye na grini kadi, viza au ombi la hifadhi, simama hapo. Sheria ya uhamiaji ya shirikisho ina maana yake yenyewe ya kutiwa hatiani: ukikiri, na hakimu akakuwekea adhabu au masharti yoyote, umetiwa hatiani, hata jimbo liseme nini.

Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja asiye raia kuhusu hatari ya kufukuzwa nchini. Jose Padilla alikuwa mzaliwa wa Honduras, dereva wa lori, aliyeishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40 na kupigana Vietnam. Kesi yake ilikuwa ya bangi kwenye trela. Wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi kwa kuwa ameishi nchini muda mrefu, akakiri, na kukiri huko kukamweka kwenye hatari ya kufukuzwa. Kwa hiyo una haki ya jibu lililo wazi, na uombe liwe kwa maandishi.

DWI moja ya kawaida, peke yake, kwa kawaida haimfukuzi mwenye grini kadi. Mahakama Kuu mwaka 2004, katika kesi ya Leocal, ilikataa kuihesabu kuwa kosa la ukatili. Lakini hatia mbili ndani ya kipindi kinachoangaliwa kwenye ombi la uraia zinakuwekea dhana kwamba huna tabia njema, na mzigo wa kuiondoa ni wako. Mwanafunzi mwenye viza anaweza kufutiwa viza kwa kukamatwa tu, kabla hata ya hukumu, akaja kulijua hilo anaporudi kutoka kumzika mzazi. Kukikutwa bangi garini, hesabu yote inabadilika. Na kwa asiye na karatasi, familia imuulize wakili kabla ya kulipa dhamana, kwa sababu anaweza kutoka mlango mmoja akapokelewa na maofisa wa uhamiaji mlango wa pili.

Madereva wa trela, na mko wengi katika jimbo hili, mambo yenu ni magumu zaidi. Kikomo chenu mkiwa kwenye lori ni 0.04. Ile deferred haipo kwa mwenye CDL, yaani leseni ya kuendesha malori ya biashara, hata kama alikuwa kwenye gari lake dogo siku ya mapumziko. Kutiwa hatiani mara ya kwanza, au kukataa kipimo tu, kunakuondoa kwenye lori mwaka mzima, na mara ya pili ni maisha. Leseni ya dharura inayotolewa na hakimu ili ufike kazini haikuruhusu kuendesha lori. Kwa hiyo wakili wako lazima asikie neno CDL katika dakika ya kwanza, si siku ya kusaini. Wauguzi, nanyi mtaje kazi yenu, bodi inauliza.

Pesa

Mawakili wengi wa DWI hutoza bei moja ya jumla. Uliza kwa maandishi inajumuisha nini: kikao cha leseni? Kesi ikifika kwa juri kuna nyongeza kiasi gani? Mtaalamu wa damu atalipwa na nani? Ukimlipa mdhamini wa jela, ile asilimia anayochukua hairudi, kwa hiyo ihesabu kwenye bajeti tangu mwanzo. Sisi huchangishana kwa harusi na misiba bila kusita, lakini mtu akikamatwa anajificha na kuuza gari kwa bei ya hasara. Mwambie mjomba au dada mmoja unayemwamini. Atakusaidia kupata pesa, na atakukumbusha tarehe za mahakama, maana kukosa tarehe moja ni kutolewa hati mpya ya kukamatwa.

Kesi ikifutwa au ukishinda, rekodi ya kukamatwa haijifuti yenyewe. Wakili anaweza kuomba ifutwe kwa utaratibu tofauti. Kabla hajafanya hivyo, nenda kwa karani wa mahakama uchukue nakala zilizogongwa muhuri za hati ya mashtaka na ya uamuzi wa mwisho, zaidi ya seti moja, uziweke pamoja na pasipoti. Uhamiaji watakuuliza kama umewahi kukamatwa, hata kwa kesi iliyofutwa, na karatasi zikishaharibiwa mahakamani hutapata pa kuzitoa.